Mkimbiaji aliyekata tamaa huku akiimarika

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka 39, mhasibu wa kampuni ya kusafirisha mizigo, mama wa watoto wawili na mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, ambaye katikati ya Oktoba alianza kujiandaa kwa nusu marathoni yake ya kwanza, ile ya Kilimanjaro inayokimbiwa mjini Moshi tangu mwaka 2003, kwa kawaida mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Katika wiki ya tisa ya maandalizi hakukimbia hata siku moja. Jumapili ya wiki hiyo alinitumia ujumbe mfupi: "Kaka, mimi nimeshindwa. Hii kitu siyo yangu." Ameniruhusu kusimulia yaliyotokea kabla na baada ya ujumbe huo kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, nami nimekubali kwa sharti langu kwamba nisifiche makosa yangu mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimwongoza katika mazoezi.

Wanaomfahamu walisema amepoteza hamasa. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayaelezi kitu: kusema kwamba mkimbiaji ameacha kukimbia kwa kukosa hamasa ni sawa na fundi kukuambia kwamba gari lako haliendi kwa sababu limesimama. Hamu ya mwanamke huyu ilikatika kwa sababu zinazoweza kutajwa moja moja, na kubwa kati ya hizo ilikuwa tarakimu aliyoiamini kuliko mwili wake. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba siku anaandika ujumbe ule alikuwa imara kuliko alivyowahi kuwa tangu ajifungue mtoto wa kwanza.

Lengo

Alizaliwa na kukulia Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na mama yake bado anaishi huko, hatua chache kutoka barabara ya Mweka. Mbio za kilomita 21 huanzia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, zikatoka mjini na kuishika barabara hiyo, zikapanda katikati ya migomba kwa takribani nusu ya safari nzima, kisha zikageuka na kuteremka hadi uwanjani. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mpando wa Mweka unaongeza kama mita 300 juu ya hapo. Wanaokimbia marathoni kamili hutangulizwa kwanza kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, iliyo tambarare, halafu hukutana na mpando huo huo wakiwa tayari wamechoka, jambo ambalo sijawahi kulielewa kama ni ukatili au ni uzuri wa mbio zile.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini amechagua mlima badala ya moja ya mbio nyingi za kilomita 10 zinazofanyika Dar es Salaam kwenye lami tambarare. Sikusikia habari za uzito wala shinikizo la damu, ambazo ndizo nilizozoea kusikia. Alisema kwamba akiwa msichana alikuwa akisimama kando ya barabara na wenzake kuwashangilia wakimbiaji, na sasa anataka kupita mbele ya nyumba ya mama yake akiwa anakimbia, kwa miguu yake, si akiwa amebanwa kwenye Noah na mizigo ya Krismasi mapajani. Nimelinukuu jibu hilo kwa ukamilifu kwa sababu baadaye lilifanya kazi kubwa kuliko ratiba yoyote niliyompa.

Wiki tano nzuri

Ratiba ilikuwa ya kawaida: siku nne kwa wiki, tatu kati ya hizo zikiwa za kilomita 4 hadi 6, na ya nne, Jumamosi, ikiwa ya mbio ndefu iliyoanzia kilomita 6 na kuongezeka taratibu. Katika siku 20 za mwanzo alikosa moja tu, nayo ni kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Alinunua raba mpya, akapakua programu ya simu inayopima umbali na kasi, na kwa ushauri wangu akajiunga na kundi letu la wakimbiaji la WhatsApp, ambamo kila mmoja hutuma picha ya matokeo yake baada ya mazoezi.

Kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia, wiki za mwanzo huwa na ukarimu wa ajabu. Moyo na misuli huitikia haraka, pumzi hutulia, na kila wiki mtu hujikuta ameipita wiki iliyotangulia bila kujua vizuri alifanya nini. Kilomita 5 ambazo siku ya kwanza alizimaliza kwa dakika 38 na sekunde 20, katika wiki ya tano alizimaliza kwa dakika 35 na sekunde 25. Kundi zima likampigia makofi ya vikatuni. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na hakuna kati yetu aliyeliona likizaliwa: alikuwa amejifunza kwamba asubuhi nzuri ni ile ambayo tarakimu imeshuka.

Kuporomoka

Kuanzia wiki ya sita tarakimu ilikataa kushuka, kisha ikaanza kupanda. Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye bidii angefanya, yaani kuongeza nguvu. Alikimbia Jumanne kwa kasi yake yote, Alhamisi hivyo hivyo, na Jumamosi, siku ya mbio ndefu, alianza kwa kasi ya siku fupi na kumalizia kwa kutembea. Katika wiki ya kwanza ya Desemba alizikimbia zile kilomita 5 kwa dakika 39 na sekunde 10. Anasimulia kwamba alisimama kando ya barabara, karibu na kituo cha daladala, jasho likidondokea kwenye kioo cha simu, akakifuta kwa pindo la fulana mara mbili akidhani amesoma vibaya. Baada ya wiki nane za kuamka gizani alikuwa amezidisha sekunde 50 juu ya siku ya kwanza kabisa.

Siku hiyo hakutuma picha kwenye kundi. Siku mkimbiaji mgeni anapoacha kutuma picha ndiyo siku ya kumpigia simu, na mimi sikupiga. Nilidhani ametingwa na kazi.

Na kweli alikuwa ametingwa, ndiyo maana kisa hiki kinahitaji uangalifu. Desemba ni mwezi ambao mhasibu anafunga hesabu za mwaka. Mvua za vuli zilikuwa zimegeuza njia yake ya mtaani kuwa tope. Asubuhi moja mbwa wawili wa jirani walimtoa mbio, akarudi nyumbani akiwa amekimbia kilomita 1 kwa kasi ambayo hajaifikia tena. Kila sababu aliyoitoa ya kutokukimbia ilikuwa ya kweli, na ukweli wake ndio uliokificha kile kilichokuwa chini yake, kwa maana mwezi Oktoba pia palikuwa na kazi, na mbwa wale walikuwepo. Wiki ya sita alikimbia siku tatu, ya saba mbili, ya nane ile moja, ya tisa hakuna.

Nini kilichokuwa kinatokea

Nilipopata ujumbe wake nilimwomba aniletee simu, tukakaa barazani kwake jioni tukizipitia rekodi zote tangu mwanzo. Jambo la kwanza lililonijia, nami ninaona aibu kwamba halikunijia mapema, ni hali ya hewa. Asubuhi za Oktoba jijini Dar es Salaam joto huwa karibu nyuzi 21 au 22. Kufikia Desemba, upepo wa kaskazi ukishaanza kushika, alfajiri yenyewe huamka na nyuzi 24 au 25, na hewa imelowa kiasi kwamba nguo zilizoanikwa usiku zinakutwa na unyevu. Mwili unaokimbia hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa unyevu jasho halikauki, linatiririka tu. Damu nyingi zaidi inapelekwa kwenye ngozi kutafuta ubaridi, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi ili misuli isipungukiwe. Kasi ileile ya Oktoba inadai kazi kubwa zaidi Desemba. Mtu anaweza kuwa ameimarika kwa kiasi kikubwa na bado saa ikamwonyesha kwamba amerudi nyuma, kwa sababu saa haina habari ya unyevu.

Jambo la pili ni kwamba alikuwa amechoka. Hakuwa na siku hata moja ya mwendo wa polepole, kwa kuwa kila siku ilikuwa na picha ya kutuma. Wageni wengi wa mchezo huu huamini kwamba wakimbiaji wakubwa hukimbia kwa nguvu kila siku, na ndiyo maana huona haya kwenda taratibu. Eliud Kipchoge, aliyeimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, ingawa muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake huko Kaptagat kwa mwendo wa utulivu mno ukilinganishwa na ule wa mashindano. Mhasibu wetu alikuwa akifanya kinyume: siku zote nne zilikuwa siku za mashindano, na mshindani alikuwa yeye mwenyewe wa Oktoba, aliyekimbia kwenye ubaridi.

La tatu ni la moyoni, na ndilo ninaloliona kuwa kiini. Mazoezi yake yalikuwa yamegeuka mtihani. Akilala usiku hakuwa anafikiri kwamba kesho atakimbia. Alikuwa anafikiri kwamba kesho atapimwa. Mtu mzima anayepimwa mara nne kwa wiki, akafeli, na matokeo yakabandikwa mbele ya watu 46 wa kundi letu, ataanza kuukwepa mtihani, wala hahitaji kuwa mvivu ili aukwepe. Wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwa miaka mingi kwamba ari inayodumu hutegemea mambo matatu: mtu ajione ana uhuru wa kuamua, ajione anaweza, na ajione ameunganika na watu. Programu ile ya simu ilikuwa imemnyang'anya la pili, na kundi letu, ambalo nilidhani linampa la tatu, lilikuwa linampa hadhira badala ya wenzake.

Hapa niseme neno kuhusu maneno ya kutia moyo, kwa sababu yalikuwepo kwa wingi. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimtumia habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeumia vibaya goti katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico City, akaingia uwanjani mguu ukiwa umefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Hakuna Mtanzania asiyesisimka akiikumbuka. Lakini ushujaa ule ni wa siku ya mbio. Hauna la kumwambia mtu ambaye ni Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, na hakuna anayemtazama. Kwa dada huyu ilizidisha uzito: kama Akhwari aliweza na goti lile, mimi mwenye magoti mazima ni mtu wa namna gani?

Tulichobadilisha

Tuliondoa tarakimu kwanza. Simu ilibaki nyumbani siku za katikati ya wiki, akawa anakimbia kwa saa ya kawaida ya mkononi: dakika 15 kwenda, dakika 15 kurudi, popote miguu itakapofikia. Kipimo cha mwendo kikawa pumzi. Kanuni inayojulikana ni kwamba katika mbio za polepole mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukatika, na yeye, ambaye ni Mkatoliki wa Kibosho, aliipatia kanuni hiyo mwili wake: akiweza kuimaliza Salamu Maria kwa sauti ya chini bila kuvuta pumzi katikati ya neno, mwendo ni sahihi, akikwama kwenye "umebarikiwa", apunguze. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba anapitwa na wazee wanaotembea. Alikuwa anatia chumvi kidogo, si sana.

Pili, nilimpa daftari. Kila siku aandike mstari mmoja: tarehe, dakika, na kitu kimoja alichokiona. Kipchoge naye anajulikana kwa kuandika mazoezi yake yote kwa mkono, lakini sikumpa daftari kwa ajili ya kumwiga. Nilitaka awe na kumbukumbu isiyoweza kushuka. Dakika zilizokwisha kukimbiwa hazipungui kwa sababu ya joto. Mistari yake ya mwanzo ni mikavu kama leja, baadaye inachangamka. Mmoja unasema: "Dk 32. Kuku wa mangi amelala juu ya jenereta."

Tatu, tulipunguza maamuzi. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia ya jumla, kama vile "nitafanya mazoezi zaidi", hutekelezwa kwa shida kuliko nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu kwa mtindo wa "ikiwa hiki, basi kile". Dada huyu alichagua adhana ya alfajiri, inayosikika vizuri hadi chumbani kwake: ikiwa adhana imelia, basi anavaa raba kabla ya kushika simu. Kwa mvua alijiwekea yake: ikiwa inanyesha, basi atasubiri dakika 10 barazani akiwa ameshavaa raba, na isipokata atarudi ndani kwa amani. Mara nyingi, anasema, ilikata. Mwanga ulipoanza kupasuka alikuwa langoni, na hilo lina maana yake pia, kwa sababu mwanamke anayekimbia peke yake mitaani hahitaji kuongezewa giza.

Jambo la nne halikupangwa na mtu. Kwenye kona anayopinda kila siku yupo mama anayekaanga chapati, ambaye huwasha jiko lake saa kumi na moja. Baada ya wiki ile ya tisa, dada huyu alipopita tena kwa mara ya kwanza, yule mama aliinua uso kutoka kwenye kikaango, akageuza chapati, kisha akamuuliza: "Dada, siku zote hizo hukupita, ulikuwa unaumwa?" Hawakuwa wamewahi kusemezana zaidi ya salamu. Yeye mwenyewe ananiambia kwamba tangu siku hiyo, akilala, aliyemfikiria kesho yake alikuwa mama wa chapati. Watu 46 wa WhatsApp waliona kasi yake. Huyu aliona kutokuwepo kwake. Nimelifikiria jambo hili sana, na siku hizi nikimpokea mgeni kwenye kundi swali langu la kwanza si anataka kukimbia kwa muda gani, ni nani atakayegundua asipotokea.

Kundi lenyewe hakulihama. Alilizima sauti.

Mweka, siku nne baada ya Krismasi

Kama walivyo Wachagga wengi wa Dar es Salaam, alipanda basi kwenda kula Krismasi nyumbani, safari ya siku nzima, na mimi niliiona safari hiyo kama hatari kwa ratiba: ndafu, mbege, wageni, usiku mrefu. Nilimpa ruhusa ya kupumzika wiki nzima. Hakuitumia.

Tarehe 29 Desemba alishuka mjini na kupanda barabara ya Mweka kuanzia chini, akikimbia sehemu na kutembea sehemu. Kule watu humwonea huruma mtu anayekimbia peke yake. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alimwambia "pole sana" kwa dhati, na dereva wa bodaboda akasimama kumuuliza kama ameachwa na gari. Alipofika kwa mama yake, mama alitoka na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, akamtazama toka juu hadi chini na kuuliza: "Mwanangu, nani anakukimbiza?" Wakacheka, akapewa mtori, na siku hiyo haikuendelea zaidi ya hapo. Kwenye daftari mstari unasema: "Nimefika kwa mama. Kilima ni kirefu kuliko nilivyokumbuka."

Siku mbili baadaye, kabla jua halijachomoza, alikimbia kilomita 5 kwenye sehemu tambarare upande wa chini wa mji. Hii tulikubaliana: mara moja tu, na simu. Alfajiri za Moshi ni baridi kuliko za Dar es Salaam kwa nyuzi kadhaa. Alikwenda kwa mwendo wa Salamu Maria karibu njia yote na akamaliza kwa dakika 34 na sekunde 10. Alinipigia simu palepale, na kabla ya kunieleza lolote akasema, "Kaka, kumbe lilikuwa joto." Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo saa ambayo kisa kiligeuka. Sisemi hivyo kwa sababu ya zile dakika 34 zenyewe, kwani ningekuwa nimerudia kosa lilelile; ni kwamba sasa alikuwa na maelezo ya Desemba yake ambayo hayakumhusisha yeye na udhaifu wowote. Maelezo hayo niliyatoa mimi barazani wiki mbili nyuma, akayasikiliza kwa adabu, na nadhani hakuyaamini. Aliyaamini alipoyakimbia.

Ugoko

Januari ilikwenda vizuri mno, na "mno" ndilo neno lenyewe. Kwa furaha ya kurudi alirefusha mbio za Jumamosi haraka kuliko tulivyopanga, kutoka kilomita 9 hadi 15 ndani ya wiki tatu, na mwishoni mwa mwezi ugoko wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma kwa ndani, kwanza anapoamka, baadaye hata anaposhuka ngazi. Moyo huzoea mazoezi kwa wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi, na tofauti hiyo ndiyo inayowaumiza watu walioanza kujiona wazima. Mtaalamu wa viungo alimsimamisha siku 9.

Kwa ari yake niliogopa siku hizo kuliko maumivu yenyewe. Tuliamua kwamba atakachokiacha ni kukimbia, muda wa kukimbia abaki nao. Adhana ikilia alivaa raba zilezile na kutembea kwa dakika 30 njia ileile, akapita kwa mama wa chapati, akaandika mstari wake. Siku ya kumi aliporudi kukimbia hakuwa na kitu cha kuanzisha upya. Ningeweza kumshauri kulala, na kwa ugoko isingekuwa na tofauti kubwa. Kwa kilichokuwa kimejengwa tangu Desemba, naamini ingekuwa nayo.

Mbio ndefu kuliko zote alizofanya kabla ya kwenda Moshi zilikuwa za kilomita 17. Wako makocha ambao wangetaka zaidi. Mimi niliona mguu ule hauna deni la kutulipa.

Siku ya mbio

Hapa kuna machache ya kusema. Alianza nyuma kabisa, kwa makusudi, na kilomita za mwanzo alipitwa na umati. Kwenye mpando alitembea kila palipokuwa pakali, bila kuona haya, kwa sababu alipajua tangu Desemba ni wapi. Mama yake alikuwa amewekewa kiti cha plastiki kando ya barabara, na majirani wamemzunguka. Binti alipotokea, mama hakushangilia, alisimama tu, na alipopitwa akaanza kutembea nyuma yake hatua chache kama anayemsindikiza mgeni. Kuteremka kulimuuma mapaja zaidi ya kupanda, jambo ambalo sikuwa nimemwandaa vya kutosha, na kwa mwingine anayekwenda Moshi kutoka mji tambarare ningepanga siku kadhaa za mteremko, pengine kwenye vilima vya Mlimani pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 51.

Wiki tatu zilizofuata hakukimbia kabisa. Nilipoambiwa sikushtuka kama nilivyoshtuka Desemba. Lengo lililomwamsha kwa miezi minne lilikuwa limetimia, na halikuacha jingine mahali pake. Hilo sikulipanga, na sina hakika linapangika. Nilimwacha. Wiki ya nne alianza tena, safari hii bila mbio yoyote aliyojisajili mbele yake: Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi akijisikia. Siwezi kusema ni nini hasa kilichomrudisha. Yeye anasema chapati.

Ile programu ya simu ameirudisha, ila huifungua baada ya kuandika mstari wake. Juzi alinipigia kulalamika kwamba amekimbia kilomita 5 kwa dakika 37, na kabla sijafungua mdomo akaongeza kwamba Machi hii ina joto kuliko hata Februari, halafu akaniuliza kama ninajua mahali wanapouza raba za bei nafuu, maana zile za Oktoba soli zimekwisha.